Herufi Moja Katika Ini: Kusoma DNA ili Kuipima Sumu ya Shambani

Mhadhara wa hadhara, Nyeri

Nitaongea kuhusu sumu, na nitaanzia dukani.

Ukiingia duka lolote la agroveti kati ya hapa na Chaka, chukua chupa ya dawa ya kupiga mimea uitazame chini ya karatasi yake. Utaona ukanda wa rangi: mwekundu, wa manjano, wa buluu au wa kijani. Wakulima wengi wanazijua rangi hizo. Nyekundu ni hatari kubwa, kijani ni afadhali. Muuzaji naye huutumia ukanda huo kumtuliza mteja: "Hii ni ya kijani, mama, haina shida." Sentensi hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyotuleta hapa.

Rangi hizo zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na madaraja yenyewe yamejengwa juu ya kipimo kilichobuniwa mwaka 1927 na Mwingereza J. W. Trevan: ni kiasi gani cha dawa kinachoua nusu ya wanyama waliopewa. Kwa hiyo ukanda wa kijani unakuambia kwamba ukiimeza leo kwa bahati mbaya, huenda usife kesho. Kuhusu mtu anayevuta mvuke wake kidogo kila wiki, msimu baada ya msimu, kwa miaka 20, ukanda huo hausemi lolote. Hausemi lolote kuhusu ini, uboho, wala mtoto aliye tumboni. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tusimwonee mtu. Kabla dawa haijasajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, ile tunayoiita PCPB, kampuni hutakiwa kuleta faili nene lenye majaribio ya muda mrefu pia. Jaribio la saratani la kawaida huwa hivi: panya 50 wa kiume na 50 wa kike kwa kila kipimo, vipimo vitatu, na kundi la nne lisilopewa kitu. Hao ni panya 400. Hulishwa dawa kwa takriban miaka 2, kisha hupasuliwa na kukaguliwa kiungo baada ya kiungo. Ni kazi ya heshima, ila ni ghali, ni ndefu, na hujibu swali moja tu: kemikali hii, peke yake, kwa panya, kwa vipimo vikubwa, imezaa uvimbe au la.

Sasa linganisheni na shamba la nyanya kule Kirinyaga. Kijana ana pampu ya mgongoni ya lita 20. Anatia dawa ya wadudu akiipima kwa kifuniko cha chupa, anaongeza ya ukungu, halafu anamalizia na mbolea ya majani, ili apige mara moja apumzike. Anakoroga kwa fimbo. Pampu inavuja pale mkanda unapokutana na mgongo, na shati limelowa tangu mstari wa pili. Kwenye chupa pameandikwa asubiri siku 7 kabla ya kuvuna, lakini broka amepiga simu na lori linapita keshokutwa. Hakuna panya hata mmoja kati ya wale 400 aliyewahi kupewa mchanganyiko huo, kupitia ngozi, jua likiwa kali.

Hapo ndipo teknolojia ya kusoma DNA inapoingia. Niseme mapema ninachoamini: inaweza kutusaidia sana, na pia inaweza kutumiwa kutufunika macho. Inategemea tunavyoielewa inapokosa cha kusema.

DNA ya binadamu ni mfuatano wa herufi nne, A, C, G na T, zinazofika takriban bilioni 3 katika kila nakala tunayorithi kwa mzazi mmoja. Mwaka 1977 Frederick Sanger wa Cambridge alitoa njia ya kuusoma mfuatano huo. Mradi wa kuusoma mfuatano wote wa binadamu, yaani jenomu, kwa mara ya kwanza ulichukua miaka 13 na ukatangazwa kukamilika mwaka 2003. Leo mashine moja husoma jenomu nyingi kwa siku chache, na ziko mashine zinazotosha mfukoni.

Wazo la kuikamata sumu kupitia DNA lilitangulia mashine hizo. Mwaka 1973 Bruce Ames, huko California, alitumia bakteria wa salmonela walioharibiwa jeni moja hivi kwamba hawakui bila kulishwa histidini. Ukiwawekea kemikali wakaanza kukua wenyewe, ujue kemikali hiyo imebadilisha herufi zao. Kwa njia hiyo rahisi Ames na wenzake walionyesha kwamba kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye nguo za kulalia za watoto ili zisishike moto, inayoitwa Tris, hubadilisha DNA, na mwaka 1977 Marekani ikaipiga marufuku. Jaribio la Ames bado ni miongoni mwa ya kwanza kufanywa kwa dawa mpya. Kasoro yake inaonekana wazi: bakteria hana ini, na kama mtakavyoona, ini ndilo lenye kisa.

Kisa chenyewe hakitoki agroveti. Kiko kwenye gunia la mahindi.

Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilikuwa chakula cha karanga kilichoota kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na sumu yake ikapewa jina la aflatoksini. Sisi tuliijua kwa uchungu zaidi. Mwaka 1981 katika wilaya ya Machakos watu 20 waliugua ini baada ya kula mahindi yenye kuvu, na 12 wakafa. Mwaka 2004 Makueni, Kitui, Machakos na maeneo jirani hadi Thika yalirekodi wagonjwa 317. Waliofariki walikuwa 125. Mahindi mengi yaliyopimwa sokoni wakati huo yalivuka kiwango halali, na mengine yakakivuka mara nyingi mno. Sisi wa Nyeri tulipenda kusema hayo ni mambo ya Ukambani. Lakini Mbeere, chini ya Embu, kuna joto na ukame kama wa Ukambani, na mahindi ya githeri yanayouzwa soko la Karatina hayana kitambulisho cha kuzaliwa.

Waliokufa mwaka 2004 waliuawa na kipimo kikubwa kwa muda mfupi. Swali gumu ni la kipimo kidogo kwa muda mrefu, na hapa kusoma DNA kumetupa jibu ambalo njia nyingine zote zilishindwa kulitoa waziwazi.

Aflatoksini B1 ikiwa kwenye mahindi haina nguvu ya kugusa DNA. Inaingia mwilini, inafika kwenye ini, na ini, kwa bidii yake ya kuiondoa, linaigeuza kuwa umbo kali linalong'ang'ania herufi G. Seli inapojinakili, G ile iliyoshikwa husomwa vibaya, na mahali pake huingia T. Jambo hilo hutokea sehemu nyingi za jenomu, lakini pana sehemu moja mashuhuri. Katika jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike, nafasi ya 249 huandikwa AGG. Kwa watu wengi wenye saratani ya ini katika maeneo ya mahindi na karanga zenye kuvu, nafasi hiyo husomeka AGT. Herufi moja. Protini inapoteza uwezo wake, na seli ambayo ingesimamishwa inaendelea kuzaana.

Makundi mawili ya watafiti yalichapisha habari hiyo mwaka 1991 katika jarida la Nature, moja likiwa limechunguza wagonjwa wa Qidong nchini Uchina na jingine wa kusini mwa Afrika. Mahali ambapo chakula hakina sumu hiyo, badiliko la 249 ni nadra. Baadaye, Gambia, walilipata badiliko hilohilo katika damu, bila kumpasua mtu ini. Ni lazima niongeze kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B huiongezea aflatoksini nguvu mara nyingi, ndiyo maana chanjo dhidi ya virusi hivyo ambayo watoto wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni kinga ya saratani pia, ingawa sijawahi kusikia ikitangazwa hivyo kliniki.

Hapo nyuma alama ilionekana vizuri tu ikiwa saratani imeshakua, maana uvimbe ni mamilioni ya seli zenye kosa lilelile. Kinachotufaa ni kuiona kabla. Shida ni kwamba mashine za kawaida hukosea zenyewe, herufi moja katika kila 100 hadi 1,000, ilhali sumu inayoanza kazi huenda imebadilisha herufi moja katika milioni kadhaa. Kelele za mashine huizima sauti ya sumu.

Ufumbuzi ulitoka Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle mwaka 2012, katika maabara ya Lawrence Loeb. DNA ina nyuzi mbili zinazolingana. Walizitia alama nyuzi zote mbili za kila kipande, wakazisoma kila mmoja peke yake, kisha wakakubali badiliko pale tu lilipoonekana kwenye nyuzi zote mbili. Mwanachama wa kiwanda cha kahawa ataelewa upesi: kilo zako zinaandikwa kwenye daftari la karani na kwenye kadi yako, na zisipolingana hakuna anayelipwa mpaka ijulikane nani amekosea. Kwa utaratibu huo makosa hushuka hadi chini ya herufi moja katika milioni 10.

Mwaka 2017 watafiti wa MIT waliitumia njia hiyo kwa panya wadogo waliopewa aflatoksini. Katika wiki ya 10, ini likionekana zima kabisa kwa macho na kwa hadubini, mpangilio wa makosa ya G kwenda T ulikuwa tayari unasomeka. Uvimbe ulikuja kuonekana wiki ya 72. Mpangilio ule wa wiki ya 10 ulifanana na ule wa wagonjwa wa saratani ya ini wanaotoka sehemu zenye aflatoksini.

Nawaomba mtulie hapo kidogo. Wiki 62 ni muda mrefu katika maisha ya panya. Kwa binadamu pengo kama hilo lingehesabiwa kwa miongo. Ni muda ambao mtu anaweza kubadilisha chakula, kuanika mahindi vizuri hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kupewa chanjo, kufuatiliwa. Ni muda ambao serikali ya kaunti inaweza kujua kwamba kata fulani inakula sumu, kabla wodi haijaijulisha.

Kusoma DNA kumesaidia upande wa kuvu pia. Ilibainika kwamba mlipuko wa 2004 ulitokana na kundi fulani la Aspergillus lenye kutoa sumu nyingi mno. Wako pia ndugu zake wasioweza kuitengeneza, kwa sababu jeni zinazohusika zimekatika au zimeharibika. Taasisi za utafiti wa kilimo, IITA na KALRO, zilichagua wanne wa namna hiyo waliotoka katika udongo wa Kenya, zikawafanya kuwa bidhaa iitwayo Aflasafe KE01, inayotengenezwa Katumani. Inamwagwa shambani mahindi yakiwa bado yamesimama, na kuvu wasio na sumu wanachukua nafasi ya wenye sumu. Nasema hivi mbele ya wale wanaodhani kila kitu cha asili ni salama na kila kitu cha chupa ni sumu. Aflatoksini ni ya asili kabisa.

Basi, je, dawa za chupa tunaweza kuzipima kwa njia hiyohiyo? Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichukua seli shina za binadamu, wakaziwekea kemikali 79 zinazojulikana au kushukiwa kuleta saratani, moja moja, kisha wakasoma jenomu nzima za seli hizo. Kemikali 41 ziliacha alama inayotambulika, kila moja kwa mwandiko wake. Moshi wa sigara hauandiki kama jua, na jua haliandiki kama aflatoksini. Kule kwenye vijiji vya mto Danube, ambako watu walikuwa wakipoteza figo na kupata saratani ya njia ya mkojo kwa miaka mingi bila sababu kujulikana, alama ya A kwenda T ilisaidia kumshika mhusika: mmea wa aristolochia, ambao mbegu zake zilichanganyika na ngano wakati wa kuvuna.

Njia nyingine haiangalii makosa ya herufi, inaangalia jeni zinazoamka. Seli ikiguswa na kemikali huwasha jeni fulani na kuzima nyingine, na kwa kusoma RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni zilizowashwa, unaona kipimo cha chini kabisa ambapo seli huanza kubadilisha mwenendo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeandaa utaratibu wa namna hii unaotumia panya kwa siku 5 badala ya miaka, kwa kemikali ambazo hazina takwimu zozote. Kwetu faida yake ni kwamba mchanganyiko wa yule kijana wa nyanya unaweza kuwekwa kwenye seli za ini kama ulivyo, dawa zote pamoja. Hakuna mwenye kampuni atakayeleta faili la mchanganyiko, maana hakuna anayeuza mchanganyiko. Anautengeneza mkulima.

Lakini sasa nifike pale ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu, na nitumie saratani tunayoijua vizuri zaidi nchini humu, ya umio, lile koo la chakula. Ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania hadi Malawi una wagonjwa wengi kupita kiasi, na wengine ni vijana. Kila mtu ana mshukiwa wake: dawa za shambani, maziwa lala ya kibuyu, moshi wa jikoni, pombe ya kienyeji, udongo. Mwaka 2021 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti uliosoma jenomu za uvimbe wa wagonjwa 552 kutoka nchi 8: Kenya, Tanzania na Malawi, pamoja na Uchina, Iran, Japani, Brazili na Uingereza. Wazo lilikuwa hili: kama kuna sumu fulani inayoumiza watu wa ukanda wetu, mwandiko wake utaonekana katika jenomu zao na usionekane katika za Waingereza.

Haukuonekana. Jenomu za nchi zenye wagonjwa wengi zilifanana kwa kiasi kikubwa na za nchi zenye wagonjwa wachache. Alama iliyotawala ilitokana na enzaimu za mwili wenyewe.

Nimewasikia watu wakisoma matokeo hayo na kusema: basi dawa za shambani hazina hatia, moshi hauna hatia, hakuna kemikali. Hilo silo jibu la utafiti. Uliloweza kusema ni kwamba tofauti ya nchi na nchi haielezwi na kitu kinachobadilisha herufi za DNA moja kwa moja. Kitu kinaweza kuleta saratani bila kugusa herufi hata moja. Chukueni chai. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Umoja wa Mataifa, IARC, uliweka vinywaji vya moto zaidi ya digrii 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani ya umio. Kilimanjaro walipima chai ya maziwa watu walipokuwa wakiinywa, na ikawa ni ya zaidi ya digrii 70 kwa wastani. Utafiti wa ESCCAPE uliofanyika Eldoret, Moshi na Blantyre umehusisha joto la kinywaji na ugonjwa huo. Joto haliandiki T mahali pa G. Linachoma ngozi ya ndani, inajirekebisha, inachomwa tena, na katika kugawanyika huko kwa seli kila siku, makosa ya kawaida hupata nafasi. (Najua nimesema hivi katika mji ambao mgeni akipewa chai vuguvugu huona amedharauliwa.)

Utafiti mwingine, wa mwaka 2020, uliosoma uvimbe 181 wa panya walioathiriwa na vitu 20 vinavyojulikana au kushukiwa kuleta saratani kwa watu, ulikuta kwamba vingi kati ya hivyo havikuacha mwandiko wa kipekee. Uvimbe ulikuwepo. Alama haikuwepo. Kwa hiyo atakapokuja mtu na ripoti ya maabara kwamba dawa yake "imesomwa jenomu na haina athari," muulizeni: imesomwa ikitafutwa athari gani?

Maana dawa nyingi zinazotumika huku mlimani haziui kwa kupitia DNA. Chukueni klopirifosi, ambayo imepigwa sana kwenye kahawa na mboga. Kazi yake ni kuzuia enzaimu inayotuliza mishipa ya fahamu. Mdudu hutetemeka hadi afe, na sisi tuna enzaimu ileile. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2020, hasa kwa hofu ya ubongo wa watoto na kwa sababu swali la athari yake kwa DNA lilikuwa halijafungwa. Mwaka 2025 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani, pamoja na misamaha kadhaa. Mwaka huohuo Wizara yetu ya Kilimo ilitangaza kuondoa sokoni bidhaa 50 za kuua wadudu na magugu. Ni hatua. Tangu mwaka 2019, pale ombi la mbunge Gladys Shollei dhidi ya dawa hatari lilipofikishwa Bungeni, imekuwa safari ya miaka 6.

Kuhusu klopirifosi, kusoma DNA kunatufaa kwa njia tofauti: hakutuonyeshi alama ya sumu, kunatuonyesha nani anaumia upesi. Damu ina enzaimu ya PON1 inayoivunja dawa hiyo ikishageuka kuwa kali mwilini. Watu hurithi aina tofauti za jeni yake, wengine huivunja haraka na wengine polepole. Watafiti wa Berkeley walifuatilia akina mama na watoto wa vibarua wa mashambani katika bonde la Salinas, California, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na wakakuta kwamba watoto wachanga wana PON1 kidogo sana kuliko mama zao, na huchukua miaka kadhaa kuwafikia. Kipimo kinachodhaniwa salama kwa baba aliyebeba pampu si lazima kiwe salama kwa mtoto aliyelazwa kwenye leso kando ya shamba. Hilo halihitaji mjadala.

Linalohitaji mjadala ni atakachofanya mwenye shamba kubwa atakapopata orodha ya wafanyakazi wenye PON1 dhaifu. Atawafuta kazi, au atabadilisha dawa? Kufuta ni rahisi zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za jeni miongoni mwa taarifa nyeti, na ni vizuri vibarua wa mashamba ya maua ya Timau na Nanyuki wakajua hivyo kabla mtu hajawajia na pamba ya kufuta mate.

Kahawa nitaigusa haraka, ingawa najua ndiyo iliyowasomesha wengi wenu. Ugonjwa wa matunda ya kahawa ulitambuliwa nchini humu mwaka 1922, na tangu hapo tumepiga shaba. Shaba haiozi. Mwaka 1984 ulichapishwa utafiti kuhusu shamba la kahawa la Kenya lenye umri wa miaka 68, ulioonyesha jinsi ilivyorundikana katika udongo. Siku hizi udongo kama huo hupimwa kwa kusoma DNA ya bakteria wake wote kwa pamoja, uone waliotoweka na waliobaki, na mara nyingi waliobaki hubeba jeni za kuhimili shaba zikifuatana na za kuhimili antibiotiki. Lakini mchango mkubwa wa jeni katika kahawa ni kuifanya dawa isihitajike. Aina ya kahawa ya Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985, na Batian, iliyopewa jina la kilele kile cha mlima wetu chenye mita 5,199, mwaka 2010. Mwaka 2008 watafiti wa kahawa wa Ruiru na wenzao wa Ufaransa walikuwa wametambua alama za DNA zinazoandamana na jeni moja ya kuuhimili ugonjwa huo, hivi kwamba mche unaweza kuchaguliwa ukiwa bado kitaluni. Mashina ya Batian hayahitaji pampu nyingi. Hakuna kipimo cha sumu kinachozidi hapo.

Nimalizie na tunachoweza kufanya, kwa sababu mashine si tatizo tena. Wakati wa Korona kituo cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi kilisoma jenomu za virusi kwa ajili ya nchi nzima, na Nairobi kuna maabara za taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI. Tusichokuwa nacho ni sampuli zilizowekwa kwa mpangilio, na kumbukumbu za nani alipiga nini.

Angalieni mishiri ya Mwea. Mwaka 2013 Ulaya ilipoongeza ukaguzi wa mishiri na njegere zetu kwa ajili ya mabaki ya dawa ya dimethoeti, wakulima wa mikataba walijifunza kuandika: tarehe, dawa, kipimo, siku za kusubiri. Daftari hilo lipo kwa sababu mlaji yuko Rotterdam. Sukuma wiki ya shamba la jirani, inayoliwa Nyeri, haina daftari. Ningependa vyama vya ushirika vya kahawa, ambavyo tayari vina makarani na orodha za wanachama, vianze kutunza daftari hilo kwa mazao yote ya mwanachama, na kaunti za mlima ziweke pamoja pesa za kuchukua damu ya wapiga dawa, kwa hiari, mara moja kwa mwaka. Mirija miwili ya damu na friji ya digrii 80 chini ya sifuri yenye jenereta. Nusu isomwe sasa kwa njia ya nyuzi mbili niliyoieleza, ikitafutwa aflatoksini na mwandiko mwingine wowote. Nusu ibaki, kwa kuwa miaka 10 ijayo kutakuwa na njia ambazo leo hatuzijui.

Sharti langu ni moja, na nililisema hata kwenye kikao cha maadili nilikokaribishwa: majibu yarudi kwa mwenye damu. Jenomu zile 552 zilisomwa kwenye taasisi ya Sanger, kando ya Cambridge, na sina neno na hilo, kazi ilikuwa safi. Lakini mpiga dawa wa Kirinyaga akitoa damu yake, aitwe kwa jina lake, aketishwe, aelezwe kwa lugha anayoijua alichokutwa nacho na kisichoweza kujulikana bado, na apewe karatasi ya kwenda nayo hospitali ya kaunti. Na dawa ikitiliwa shaka, PCPB ipelekewe nakala siku hiyohiyo, pamoja na kurasa za daftari.